Kila nikiwasha kompyuta inaniomba ruhusa: nizime ulinzi huu?

Msomaji anauliza: "Kompyuta yangu ina Windows 11. Kila nikiiwasha, kabla sijagusa chochote, skrini inafifia na kuniuliza kama naruhusu programu fulani ifanye mabadiliko. Nikikubali, kinafuata kidirisha kingine kidogo kinachosema mchapishaji hajathibitishwa. Fundi mmoja amenishauri nizime kabisa ulinzi unaouliza maswali haya. Nimesita. Nimsikilize? Na kama sivyo, nitaondokanaje na kero hii?"

Ndugu msomaji, umefanya vema kusita. Usizime ulinzi huo. Kero unayoipata ni ya kweli na ina dawa, ila dawa yake haiko kwa mlinzi anayeuliza. Iko kwa programu inayobisha hodi kila siku. Tukishajua ni ipi na kwa nini inabisha, mlinzi atanyamaza mwenyewe.

Jambo hili nalitilia uzito kwa sababu moja. Swali linaloulizwa kila asubuhi huufundisha mkono kujibu kabla jicho halijasoma. Siku ya kwanza ulisoma kila neno. Siku ya kumi ulitafuta tu kitufe cha "Yes". Ikifika siku ya mia, programu nyingine kabisa ikiomba mahali palepale, utaikabidhi funguo za nyumba nzima bila kujua. Niliwahi kuitwa kuangalia kompyuta ya ofisi ndogo iliyokuwa imeanza kuwa nzito. Kila aliyeitumia alijua kwamba asubuhi inauliza kitu na unabonyeza "Yes", lakini hapakuwa na aliyejua inauliza nini. Tulipokaa tukakisoma kidirisha pamoja, jina lilifanana na la programu inayojulikana sana, ila faili lenyewe lilikaa kwenye folda ya vitu vya muda na halikuwa na sahihi ya mtu yeyote. Mlinzi alikuwa amewaonya kila siku ya kazi. Tangu siku hiyo naamini kwamba maswali ya bure ni hatari, kwa kuwa huyafunika maswali ya maana.

Tuanze kwa kutenganisha mambo, maana umenieleza vidirisha viwili na hivyo ni walinzi wawili tofauti. Kinachofifisha skrini ni ulinzi wa akaunti, ambao mafundi huuita UAC. Kile kidogo kinachofuata ni onyo kuhusu faili lililotoka nje. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine, na ndiyo maana watu wengi huhangaika wiki nzima.

UAC iliingia na Windows Vista, iliyofika kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2007. Kabla ya hapo, wakati wa Windows XP, karibu kila mtu alitumia akaunti ya msimamizi, na programu yoyote aliyoifungua ilirithi mamlaka yake yote: kufuta, kuandika upya mfumo, kujisimika popote. Vista ikaanza kuuliza, na ikauliza kupita kiasi, watu wakachoka. Mwaka 2009 Windows 7 ikaleta kitelezi chenye ngazi nne za kuchagua ulizwe kwa kiasi gani, na kitelezi hicho kipo hadi leo. Ushauri wa fundi wako bila shaka ni kukishusha hadi ngazi ya chini kabisa. Ukifanya hivyo ukiwa kwenye akaunti ya msimamizi, programu zinazoomba mamlaka hazitaacha kuomba. Zitapewa kimyakimya. Hutaona kidirisha chochote, utadhani tatizo limekwisha.

Hata huko kufifia kwa skrini kuna kazi yake. Wakati ule Windows inakuhamisha kwenye ukumbi wa pekee ambamo programu za kawaida haziwezi kukubonyezea kitufe wala kuchora kitu juu ya kidirisha ili kukudanganya. Ngazi ya tatu ya kitelezi, ukihesabu kutoka juu, huuliza bila kufifisha, na wapo wanaoipendekeza kama njia ya kati. Mimi siipendekezi, kwa sababu inakuachia usumbufu na kukupunguzia kinga.

Kwa hiyo kesho asubuhi skrini ikififia, usijibu haraka. Tazama rangi kwanza. Kichwa cha kidirisha kikiwa cha buluu na chini yake pameandikwa jina la mchapishaji aliyethibitishwa, programu hiyo ina sahihi ya kidijitali ya kampuni inayojulikana kwa mfumo. Kikiwa cha njano na mchapishaji hajulikani, ongeza uangalifu. Kisha bofya palipoandikwa "Show more details". Hapo utaona njia kamili ya faili, yaani folda lilimokaa, na mara nyingine maneno ya ziada ya amri yake. Hiyo ndiyo habari ya thamani kuliko zote, na kwa kuwa njia za kawaida za kupiga picha ya skrini hazifanyi kazi kwenye ukumbi ule, tumia kamera ya simu.

Njia ya faili inasema mengi. Lililo ndani ya Program Files, folda kuu ya programu zilizosakinishwa, liliwekwa humo na mtu mwenye mamlaka ya msimamizi, kwa sababu programu ya kawaida haiwezi kuandika pale. Lililo ndani ya AppData, folda ya akaunti yako ambamo programu huhifadhi vitu vyao, liliwekwa na programu yoyote iliyowahi kufunguliwa kwenye akaunti yako. Zipo programu nyingi njema zinazoishi AppData, hivyo usiogope kwa sababu ya folda hiyo peke yake. Lakini faili lililo kwenye folda ya Temp, lisilo na mchapishaji, linaloomba mamlaka ya msimamizi kila kompyuta inapowaka, lihesabu kuwa adui hadi lithibitike vingine: jibu "No", kisha fanya ukaguzi kamili kwa antivirusi. Windows Security iliyomo ndani ya kompyuta yako ina pia ukaguzi wa nje ya mtandao, unaoiwasha mashine upya na kukagua kabla mfumo haujaamka. Huo ndio ninaoutumia ninaposhuku jambo.

Na hata pasipo shaka yoyote, kujibu "No" ni njia nzuri ya kuchunguza. Hakuna kinachoharibika, ila programu ile haitafunguka safari hiyo. Fanya hivyo siku tatu au nne huku ukiangalia ni kitu gani kimeacha kufanya kazi. Mara nyingi hutaona tofauti yoyote, na hapo umeshapata jibu: programu ile haikuwa na haja ya kuamka pamoja na kompyuta.

Ukishalipata jina, tafuta mahali inapoitwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha ingia sehemu ya "Startup apps". Bofya kulia juu ya vichwa vya safu ili kuongeza safu ya "Command line" uone kila programu inaitwa kutoka wapi. Ukiikuta yako na huihitaji, ichague "Disable". Huifuti, unaizuia tu isijiamshe, na unaweza kuirudisha wakati wowote.

Isipoonekana pale, usikate tamaa, maana milango ni mingi. Kuna folda ya Startup, unayoifikia kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R kisha kuandika shell:startup, na kuna pacha wake wa watumiaji wote, shell:common startup. Kuna maingizo ya rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, yanayoitwa Run, mengine ya mtumiaji mmoja, mengine ya mashine nzima. Kuna Task Scheduler, zana ya Windows ya kupanga programu zijiendeshe zenyewe, ambayo ndiyo watu huisahau zaidi. Huduma za mfumo, zile zinazofanya kazi chinichini bila kidirisha, unaweza kuziruka kwa leo, kwa sababu zilipewa mamlaka yao siku zilipowekwa na haziulizi tena.

Kuzunguka milango yote hiyo kwa mkono kunachosha. Ninachotumia mimi ni Autoruns, programu ya bure kutoka Sysinternals, kundi la zana ambalo Microsoft ililinunua mwaka 2006. Inakuonyesha karibu kila kitu kinachojiamsha, mahali pamoja, pamoja na mchapishaji wake. Ifungue kama msimamizi, chagua kuficha maingizo ya Microsoft, na orodha ndefu itabaki fupi inayosomeka. Kama ilivyo Task Manager, ondoa tiki badala ya kufuta. Kufuta kuje siku nyingine, ukishakuwa na hakika.

Tuseme sasa umeiona programu, ni halali, na unaihitaji. Kwa nini inaomba mamlaka kila siku? Sababu ninayokutana nayo mara kwa mara ni ndogo ajabu: mtu aliwahi kuiwekea tiki ya kuendeshwa kama msimamizi, labda alipokuwa akitatua shida nyingine miaka iliyopita, akasahau. Bofya kulia faili la programu, chagua "Properties", nenda "Compatibility", uone kama pana tiki kwenye "Run this program as an administrator". Iondoe, ujaribu. Programu nyingi hazihitaji mamlaka hayo hata kidogo.

Sababu ya pili ni sasisho lililokwama. Programu inajaribu kujisasisha, inaomba ruhusa, unakataa au inashindwa katikati, na kesho yake inaanza upya. Hapa kukataa hakutaimaliza kero. Pakua toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, lisakinishe mara moja kwa utulivu, na ombi litakoma.

Ipo na sababu ya tatu ambayo huwashangaza hata mafundi. Programu ya zamani ya biti 32, isiyotamka yenyewe ndani ya faili lake inahitaji mamlaka gani, hukisiwa na Windows kwa kutazama, pamoja na dalili nyingine, jina la faili. Likiwa na neno "setup", "install" au "update" ndani yake, Windows hudhani ni kisakinishi na kuomba ruhusa. Nimewahi kuona programu ndogo ya kukumbusha tarehe ikiuliza kila siku kwa sababu tu jina lake lilikuwa na "update". Tulibadilisha jina la faili na njia ya mkato iliyoliita, ikanyamaza.

Zinabaki zile zinazohitaji mamlaka kwelikweli: za kudhibiti feni, za taa za kibodi, na programu za zamani zilizoandikwa kabla ya Vista ambazo huandika data yao ndani ya Program Files. Kwanza tafuta toleo jipya zaidi. Likikosekana, tumia Task Scheduler. Tengeneza kazi mpya, mpe kichocheo cha "At log on", elekeza kwenye faili la programu, na weka tiki kwenye "Run with highest privileges". Kisha zima mwito wake wa zamani ili isiitwe mara mbili. Utaombwa ruhusa ya msimamizi siku ya kuitengeneza kazi hiyo, na baada ya hapo haitauliza tena.

Lakini sikiliza sharti lake, kwa maana maelekezo mengi hulipita. Faili unaloliamsha kwa njia hii lazima likae ndani ya Program Files au folda nyingine ambayo akaunti ya kawaida haiwezi kuandika. Ukiliacha kwenye "Downloads" au juu ya dawati la skrini, programu yoyote ovu inayoingia kwenye akaunti yako inaweza kulifuta, kuweka faili lake kwa jina lilelile, na kesho asubuhi Windows itaipa mamlaka yote bila kukuuliza. Utakuwa umelifunga dirisha na kuuacha mlango wazi. Sharti hilo likikushinda, bora uvumilie kidirisha.

Sasa tuje kwa mlinzi wa pili, kile kidirisha kidogo. Tangu Windows XP ilipopata kifurushi chake cha pili cha huduma mwaka 2004, faili linalopakuliwa kutoka intaneti hugongwa muhuri usioonekana. Muhuri huo unaitwa Zone.Identifier, umeambatishwa kwenye faili lenyewe kwenye diski ya NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows wa kupanga faili, na ndani yake mna namba ya kanda: 3 ni intaneti. Kila unapolifungua faili hilo, Windows inauona muhuri na kukuonya. Faili hilo likiwa kwenye orodha ya vitu vinavyojiamsha, utaonywa kila siku.

Kabla ya kuuondoa muhuri, jiulize faili lilitoka wapi. Bofya kulia, fungua "Properties", utazame kama pana sehemu ya "Digital Signatures". Unaweza pia kulipeleka VirusTotal, tovuti inayolikagua kwa antivirusi nyingi kwa mpigo, ila usipeleke huko hati zako binafsi, kwa kuwa zinazopelekwa huweza kuonwa na wengine. Ukiridhika, kwenye ukurasa wa kwanza wa "Properties" chini kabisa weka tiki kwenye "Unblock" na uthibitishe. Imekwisha.

Isipokwisha, sababu huwa mojawapo ya hizi. Huenda umelifungulia njia ya mkato badala ya faili halisi linaloitwa. Huenda faili liko mahali ambapo akaunti yako haina ruhusa ya kuandika, hivyo tiki uliyoiondoa kwenye kidirisha chenyewe haikuhifadhiwa. Hapo ingia kama msimamizi. Au faili haliko kwenye kompyuta yako kabisa, bali kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wa ofisi na linaitwa kwa anwani ya namba. Windows huiona anwani yenye nukta kama intaneti, na hakuna muhuri wa kuondoa. Lihamishie kwako, au mwombe msimamizi wa mtandao aitambulishe anwani hiyo kuwa ya ndani. Kama programu ilikuja ndani ya faili la ZIP, ondoa muhuri kwenye ZIP kabla ya kuifungua, maana ukiifungua kwa zana ya Windows kila faili hurithi muhuri na utakuwa na kazi ya kuufuta mara hamsini.

Neno moja hapa. Kukosekana kwa muhuri si cheti cha usalama. Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, mifumo isiyoweza kuubeba muhuri huu, kwa hiyo faili baya lililopitia kwenye flashi hufika likiwa safi machoni pa mlinzi.

Kuna onyo lingine linaloweza kujitokeza wakati huohuo, la ukuta wa moto, likiuliza kama programu iruhusiwe kupokea mawasiliano. Likirudi tena na tena kwa programu ileile, mara nyingi ni kwa sababu programu hiyo hujisasisha kwa kujiweka kwenye folda mpya yenye namba ya toleo, na ruhusa ya ukuta imefungwa kwenye njia ya faili la zamani. Ukikataa, programu nyingi zitaendelea kufanya kazi zake za kawaida.

Ukurasa wa buluu unaoomba ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri) wenye tarakimu 48 ni jambo jingine kabisa. Huo hutokea kabla Windows haijaamka, kwa kawaida baada ya sasisho la bayosi, programu ya msingi inayoiamsha mashine, au mabadiliko ya Secure Boot, ulinzi wa hatua hiyo ya kuwaka, na hauna njia ya kuuzunguka. Usijaribu kufuta chipu ya usalama kwa matumaini ya kuupita. Ufunguo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft au kwa msimamizi wa ofisi. Uandike leo kwenye karatasi, ukiwa bado huuhitaji. Na siku ukitaka kusasisha bayosi, sitisha BitLocker kwanza.

Pia uwe macho na vidirisha vya bandia. Kidirisha cha kweli cha Windows hakikupi namba ya simu ya kupiga, hakihesabu sekunde, wala hakikupigii kelele. Ukiona vya namna hiyo baada ya kuwasha, mara nyingi vinatoka kwenye kivinjari, kutokana na tovuti uliyoiruhusu siku moja ikutumie arifa. Ingia kwenye mipangilio ya arifa ya kivinjari uifute. Ukiwa na shaka, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja: mchanganyiko huo hushikwa na Windows yenyewe, programu ya kawaida haiwezi kuuiga.

Ukishafanya marekebisho, yajaribu kwa "Restart", si kwa kuzima na kuwasha, kwa sababu kuzima kwa kawaida kwenye Windows za sasa huweza kuacha sehemu ya mfumo imelala tu badala ya kuanza upya. Rekebisha kitu kimoja, anzisha upya, tazama, ndipo uende kwa kingine. Ikiwa mwenye kubisha hajulikani kabisa, zima nusu ya vinavyojiamsha. Kidirisha kikitoweka, mhusika yumo kwenye nusu hiyo, nawe unaigawa tena. Programu kumi na sita zinakwisha kwa kuanzisha upya mara nne. Na skrini ikififia tena baada ya kudhani umemaliza, piga picha njia ya faili na uilinganishe na ile ya mwanzo kabla ya kuvunjika moyo: mara nyingi ni programu nyingine, iliyokuwa ikisubiri zamu nyuma ya ile ya kwanza.